Tao la maputo nje, kando ya ziwa: nifanyeje yasipasuke wala kupeperushwa?

FundiCherehani_Buhongwa (Jumatatu, saa 3:40 usiku)

Wadau habari za usiku. Naombeni msaada kabla sijajiaibisha ukweni.

Wifi yangu ana kicheni pati Jumamosi hii, Luchelele hapa Mwanza, kwenye uwanja wa shangazi yake. Uwanja unateremka hadi kwenye mawe, na baada ya mawe ni maji ya Ziwa Victoria. Ni pazuri mno, ndiyo maana kila mtu anataka picha ziwa lionekane nyuma. Wageni wanaanza kuingia saa tisa alasiri. Kwenye kikao nikaropoka kwamba tao la maputo la kupita bibi harusi mtarajiwa nitalitengeneza mwenyewe, tusimlipe mpambaji. Mama mkwe akaitikia haraka kuliko nilivyotegemea. Nimepewa laki moja na nusu, na macho ya ukoo mzima.

Sasa shida iko hapa. Mwaka jana nilijaribu kwenye besdei ya mwanangu. Nilipuliza usiku wa kuamkia siku yenyewe, nikayarundika kwenye chumba cha uani chenye bati tupu, hakina dari. Asubuhi nikayabandika ukutani kwa selotepu. Saa saba mchana likapasuka la kwanza, likafuata la pili, halafu yakawa yanapishana kama bisi kwenye sufuria. Jirani alikuja kuuliza kama kuna usalama. Wakati keki inakatwa, ukutani vilibaki vikia vya mpira na selotepu.

Ninunue mangapi? Nisimamishe kwa nini, maana pale chini ni jiwe, kigingi hakiingii? Na kuna mtu kaniambia nitafute mtungi wa gesi ili tao lisimame lenyewe, ni kweli? Rangi walizochagua ni damu ya mzee na dhahabu. Mimi naijua cherehani tu.

Kirikuu_Igoma (Jumatatu, saa 4:05 usiku)

Dada, mlipe mpambaji ulale usingizi. Ila ukikosa usafiri wa kupeleka vitu Luchelele, mimi nipo, bei tutaelewana.

MamaNyavu_Kirumba (Jumatatu, saa 5:15 usiku)

Mwanangu, usimlipe mtu. Umeshasema kikaoni, fanya. Mimi ni mpambaji na ninakwambia hivyo, sasa sijui kesho nitakula nini.

Nilishona nyavu pale soko la samaki la Mwaloni miaka 19 mpaka macho yakaanza kugoma. Mapulizo nilianza kwa sababu ya kipaimara cha mjukuu, nikagundua kazi ni ile ile: fundo, fundo, fundo, halafu upepo unakuja kukukagua.

Kwa hiyo tuanze na upepo, rangi baadaye. Ziwa letu lina saa zake. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu ya nchi inapanda, na ya ziwani inakuja kuchukua nafasi yake. Usiku inageuka, upepo unatoka nchi kavu kwenda majini. Wavuvi wa mitumbwi ya tanga hawakufundishwa hilo darasani. Wanatoka na upepo wa nchi kavu, wanarudi na wa ziwani. Sasa wewe umeniambia wageni wanaingia saa tisa alasiri. Hiyo ndiyo saa upepo wa ziwani umeshiba. Na umeniambia wanataka ziwa lionekane nyuma ya tao, maana yake tao limelitazama ziwa kwa upana wake wote. Mwanangu, hilo si tao, hilo ni tanga. Utakwenda kulichukua Kisesa.

Ligeuze ubavu. Mguu mmoja wa tao uwe upande wa ziwa, mguu wa pili upande wa nyumba, upepo ukute unene wake na si upana wake. Bibi harusi mtarajiwa atapita akiwa na ziwa ubavuni. Picha ya ziwa nyuma nitakueleza jinsi ya kuipata, usinune kwanza.

Kusimamisha. Nenda duka la vifaa vya ujenzi, nunua bomba moja la maji la plastiki, la robo tatu ya inchi, lile la mita 6. La nusu inchi ni bei rahisi lakini linalegea, tao linaanguka mabega kama mlevi. Tafuta ndoo mbili za rangi za lita 20, nondo mbili fupi za milimita 12 urefu wa kiunoni. Nondo inasimama katikati ya ndoo, ndoo inajazwa mchanga mbichi na kushindiliwa. Ndoo ikijaa hivyo ina kilo 30 na zaidi, kwa hiyo ijazie hapo hapo Luchelele, usiibebe kutoka Buhongwa, utavunja mgongo wa yule kijana wa kirikuu. Bomba linavikwa kwenye nondo huku na huku, linajikunja lenyewe. Ukiacha mita 3 kati ya ndoo na ndoo, kichwa cha tao kinafika zaidi ya mita 2, hata wenye vilemba virefu wanapita.

Halafu funga mshipi wa kuvulia kileleni, mmoja kila upande, uuvute mpaka kwenye jiwe zito. Mshipi hauonekani kwenye picha. Kwa kuwa hauonekani, ufunge utepe kwenye usawa wa magoti ya watoto, la sivyo utapamba hospitali.

Idadi. Mapulizo ya inchi 11 au 12, ukiyapuliza mpaka inchi 9, yanakula kama 26 kwa kila mita. Mita 6 ni 160 hivi. Nunua 200, maana yatapasuka, na watoto watakuomba. Hapo nimesema upulize mpaka inchi 9, urudie kusoma. Kosa lako la mwaka jana nalijua bila kukuona: ulipuliza mpaka yakawa na umbo la pea, shingo imevimba. Pulizo likifika hapo limechoka. Linatakiwa liwe duara, ukilibonyeza kwa kidole gumba liingie kidogo. Chukua boksi la maji ya chupa, toboa tundu la duara la sentimita 23, kila pulizo lipite humo. Lisilopita, punguza hewa. Yakilingana saizi, hata mgeni wa kazi anaonekana fundi.

Gesi achana nayo. Bomba ndilo linabeba, hewa ya kawaida inatosha.

Mwl_Fizikia_Nyakato (Jumanne, saa 12:50 asubuhi)

Shikamoo mama. Nakubaliana nawe kwa mengi, naongeza kidogo.

Watu hudhani jua linapasua puto kwa kuivimbisha hewa. Tupige hesabu. Ukipuliza hewa ikiwa nyuzi 25, na ndani ya puto ikafika 40, ujazo unaongezeka kama asilimia 5 tu. Hata ikifika 55 ni asilimia 10, na kwa kipenyo hiyo ni kama asilimia 3. Puto la inchi 9 halifiki hata inchi 9 na nusu. Lililojazwa mpaka mwisho halina hata hiyo nafasi, hapo mama yuko sahihi. Lakini muuaji mkubwa ni mpira wenyewe kuchakaa. Mwanga mkali wa jua na hewa vinaushambulia, ngozi inapauka kama imepakwa unga, inakuwa dhaifu, na hapo hata unyasi unatosha kulitoboa. Rangi za kuiva kama damu ya mzee zinanywa joto zaidi. Kwa hiyo dada, muda wa kukaa juani ndio wa kupigania. Usipulize Ijumaa.

Kuhusu gesi: inayofaa ni heliamu, haishiki moto. Tunayo nyingi ardhini kule bonde la Rukwa, ilitangazwa 2016, ila haijafika kwenye besdei zetu. Puto la inchi 11 lililojaa heliamu linaelea saa 12 mpaka 24, kisha linashuka. Na hapa Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo, hata nguvu ya kuinua inapungua. Jihadhari na wanaouza "gesi ya maputo" mtaani kwa bei ya kutupa: ikiwa ni haidrojeni, kiberiti kimoja tu kinatosha kuwaka. Kicheni pati kuna jiko la mkaa karibu. Msifanye hivyo.

MamaNyavu_Kirumba (Jumanne, saa 1:30 asubuhi)

Marahaba mwalimu. Asilimia 3! Miaka yote nalilaumu jua kwa kuvimbisha. Sawa, nimejifunza. Ila mwalimu, njoo siku moja uyafunge 160 ndipo uniambie kipi kinaua, mpira au vidole.

FundiCherehani_Buhongwa (Jumanne, saa 8:20 mchana)

Shikamoo mama, asante sana. Nimemwambia mama mkwe habari ya kugeuza tao ubavu, akasema "sisi hatukuchagua Luchelele ili tupige picha na ukuta wa shangazi". Nimsaidieje huyu mzee?

Pili, ule ufungaji siuelewi. Nimeona watu wana ile kamba ya plastiki yenye matundu, wengine wanafunga manne manne. Kipi ni rahisi kwa anayeanza?

MamaNyavu_Kirumba (Jumanne, saa 10:10 jioni)

Marahaba mwanangu. Mama mkwe wako nimempenda, anajua anachotaka.

Mtengenezee tao la kupita, la ubavu, kama nilivyosema. Halafu mtengenezee nusu tao la picha. Nusu tao ni shada linalopanda upande mmoja tu, kutoka chini mpaka usawa wa bega, linajikunja kidogo juu na kuishia hapo. Halina upande wa pili, kwa hiyo halishiki upepo kama tanga. Unalifunga kwenye mti au nguzo ya turubai upande wa kushoto wa kiti, ziwa linabaki wazi kulia. Mpiga picha mwenye akili atalipenda kuliko tao zima, maana linamwachia nafasi ya maji. Hilo linakula mapulizo 60 au 70. Na kabla wageni hawajafika, mpigieni bibi harusi picha zake za ziwani saa nne au saa tano asubuhi, upepo haujachangamka. Mama mkwe awepo. Avae.

Sasa mafundo. Ile kamba yenye matundu ni nzuri kwa shada lenye mapulizo makubwa na madogo yaliyochanganyika. Unaingiza shingo kwenye tundu, fundo linashika. Itumie kwenye nusu tao. Kwa tao la kupita kwenye bomba, funga manne manne. Chukua mawili, uyafunge shingo kwa shingo. Chukua mengine mawili, vivyo hivyo. Yalaze kama msalaba, halafu yasokote katikati, jozi kwa jozi, mara mbili. Unapata maua ya petali nne. Ua hilo unalivalisha bomba: mapulizo mawili mbele ya bomba, mawili nyuma, halafu unasokota yale ya mbele na ya nyuma yakumbatie. Ua linalofuata unalisukuma mpaka liingie kwenye mapengo ya lile la kwanza. Hapo ndipo penye siri. Ukiacha nafasi, bomba linaonekana na kazi inakuwa kama meno ya mzee.

Ukitaka msokoto wa rangi mbili, kila ua liwe na dhahabu mbili zilizokaa pamoja na damu ya mzee mbili zilizokaa pamoja. Kila unapoweka ua, dhahabu ikae kwenye pengo la kulia la dhahabu iliyotangulia. Siku zote kulia. Ukisahau mara moja ukaweka kushoto, msokoto unakatika, na jicho la mtu wa cherehani litauona kabla ya mwingine yeyote.

Pulizo la damu ya mzee livae jingine ndani, jeusi au la rangi hiyo hiyo. Unaingiza moja ndani ya lenzie kwa kalamu yenye kichwa cha duara, kisha unapuliza yote mawili kwa pamoja. Rangi inakolea na ngozi inakuwa nene. Maana yake idadi inaongezeka, piga hesabu ya pesa kwanza. Vidole vyako vifunge plasta kabla hujaanza, si baada. Utanikumbuka.

Kirikuu_Igoma (Jumanne, saa 11:00 jioni)

Mama, mimi ndiye nitakayebeba au siyo? Maana niliwahi kubeba mapulizo ya mtu kwenda Usagara, nusu yalibaki njiani, watu wa bodaboda wakawa wanayakimbiza.

MamaNyavu_Kirumba (Jumanne, saa 11:25 jioni)

Ndiyo maana nataka apulizie huko huko. Umeme upo kwa shangazi, waweke Luku ya kutosha, pampu ya umeme yenye midomo miwili inamaliza kupuliza haraka, kinachochelewesha ni kufunga. Watu wanne wanamaliza kwa muda wa saa tatu. Waanze saa mbili asubuhi kivulini, chini ya mwembe au ndani, juu ya mkeka au shuka, si kwenye majani makavu. Tao lisimamishwe saa nane, si mapema.

Ikilazimika kubeba yaliyopulizwa, tandika shuka kwenye kirikuu, weka mapulizo, funika na wavu wa sangara uliochakaa, ule wa jicho la inchi 7, ufunge pembe nne. Pulizo la inchi 9 halitoki humo. Wavu ninao, njoo uuchukue Kirumba, uurudishe.

Mvuvi_Mstaafu_Bwiru (Jumatano, saa 1:05 asubuhi)

Naomba neno moja. Mkimaliza, okoteni vipande. Msiyaachilie yaruke, msiache mpira na nyuzi ziteleze mpaka majini. Mtu akikuambia mpira unaoza mwenyewe, ni kweli unaoza, lakini kwa muda mrefu, na mshipi ndiyo hauozi kabisa. Nimeshatoa utepe wa sherehe kwenye pangaboi la injini, tukiwa katikati ya maji, saa nane usiku. Na vipande vidogo visibaki chini watoto wadogo wanapotambaa. Mtoto akimeza kipande cha mpira kinaziba koo.

FundiCherehani_Buhongwa (Jumapili, saa 9:30 alasiri)

Wadau, nimerudi, nipo hai, vidole sina.

Tulianza saa mbili na nusu: mimi, wifi wawili na mtoto wa shangazi ambaye alikuja kuangalia tu, tukamshika. Boksi la tundu limeokoa kazi nzima. Mwanzoni wifi mkubwa alikuwa analidharau, anapuliza kwa macho. Yake yaligoma kupita matano mfululizo, akanyamaza, akakaa upande wa kufunga. Msokoto wa dhahabu ulikatika mara mbili, tukavua maua kumi na kitu na kurudia. Kwa kweli baada ya hapo mikono ilielewa, ikawa kama kushona rinda: huangalii, unahesabu.

Kuvisha pulizo ndani ya pulizo tulifanya 40 tu ya upande wa ziwa, pesa iliishia hapo.

Picha za asubuhi tulipiga. Maji yalikuwa yametulia kabisa. Mama mkwe alivaa kuliko bibi harusi, kwenye simu yangu zake ni nyingi kuliko za wifi. Baada ya hapo hakuuliza tena tao limeelekea wapi.

Saa nane na nusu tukasimamisha. Saa tisa na robo upepo ukaja kama mlivyosema. Turubai la jirani likapiga makofi, vikombe vya karatasi vikakimbia, meza moja ya zawadi ikaangukia upande. Tao lilitikisika, likainama kama linasalimia, likarudi. Ndoo haikusogea. Bibi harusi alipita nalo limesimama. Mpaka saa kumi na moja yalikuwa yamepasuka saba, sita kati ya hayo ni yale tuliyoyaburuza kwenye jiwe wakati wa kubeba, lilinikwaruza hata mimi. Yaliyovaa mawili mawili halikupasuka hata moja. Yale ya moja moja yalianza kupauka kweli, mwalimu, kama yamepakwa unga, nikayakumbuka maneno yako.

Ambacho hakuna aliyeniambia: saa moja usiku tukawasha taa kubwa juu ya nusu tao ili kucheza, na wale wadudu wadogo wa ziwani wakapanda kama moshi. Walijaa kwenye mapulizo ya dhahabu, yakawa kama yamenyunyizwa pilipili manga. MC alikuwa anaongea huku amefumba mdomo nusu.

MamaNyavu_Kirumba (Jumapili, saa 11:45 jioni)

Wabeja mwanangu, umenifurahisha. Wadudu nilisahau, ni kosa langu. Taa isikae karibu na mapambo. Iweke mbali, upande wa maji, iwake kuliko zote, waende wakacheze huko. Ya kwenu iwe hafifu.

Wavu wangu?

FundiCherehani_Buhongwa (Jumapili, saa 2:10 usiku)

Wavu upo mama, kijana wa kirikuu anauleta kesho asubuhi, nimemlipa tayari. Vipande tumeokota mifuko miwili, mzee wa Bwiru asiwe na wasiwasi, na mshipi nimeuviringisha kwenye kibao.

Mchanga tumeumwaga pale pale. Ndoo na bomba mama mkwe amezuia visirudi Buhongwa, amesema viko salama kwake. Leo kanisani nimemsikia akimwambia mtu kwamba kwenye kipaimara cha mwezi wa kumi na moja "fundi tunaye nyumbani". Mama, tao la kuingilia mlango wa ukumbi wenye upana wa mita 4 linahitaji bomba mawili? Yanaunganishwaje katikati yasivunjike shingo?